Nyumba Tuliyoipaka Buluu

Kuna watu wakisikia harufu ya rangi mbichi hufurahi. Husema inanukia upya, inanukia sikukuu. Mimi hunikaba koo. Mwezi uliopita walikuja mafundi kupaka rangi ukumbi wa ofisi ninayofanyia kazi hapa Garissa, na kabla hawajafika mlango wa tatu nilikuwa nimekwisha kutoka nje, nimesimama juani karibu na lango, nikijifanya nina simu ya kupiga. Askari wa lango akaniuliza kama ni kichwa. Nikamwambia ndiyo, ni kichwa. Akanisogezea kiti chake cha plastiki, nikakaa, na nilipofumba macho nikaona ukuta wa buluu na jua likiuwakia.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku mnajua jinsi mto wetu unavyofurika. Hauhitaji mvua ya kwetu. Mbingu inaweza kuwa kavu, vumbi likapeperuka sokoni, mbuzi wakagombania kivuli cha ukuta, na bado maji yakaja, kwa sababu mvua imenyesha mbali huko milimani na mabwawa ya umeme yamejaa. Mtoto hawezi kulielewa jambo kama hilo. Akiona maji yanapanda chini ya jua kali, bila wingu hata moja, hutafuta sababu iliyo karibu naye. Mimi nilitafuta, na nikaipata kwenye ukuta wa nyumba yetu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumeishi Garissa miaka minne, tangu ukame ulipomaliza ngamia na ng'ombe wa Aabo, yaani baba yangu, upande wa Buna, kaskazini. Aabo hakupenda kuizungumzia safari iliyotuleta mjini. Alifika, akaingia soko la mifugo, akawa dalali, mtu wa kushikana mikono na wauzaji chini ya kitambaa na kupatana kwa vidole. Sisi tulijihifadhi nyuma ya ukuta wa jamaa yetu, kwenye kibanda cha matawi na maturubai: Aabo, mama yangu ambaye tulimwita Hooyo, wadogo zangu wawili, mimi, na nyanya yetu, Ayeeyo, aliyemzaa Aabo. Siku moja Aabo akarudi akisema amepata kiwanja hatua chache kutoka hapo, pembeni mwa mtaa, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea mashamba ya ndizi na mto.

Ayeeyo alipopelekwa kukiona kiwanja alikizunguka mara moja na bakora yake. Kisha akachuchumaa, akachota mchanga, akauacha upite kati ya vidole vyake polepole.

"Mchanga huu umeoshwa," alisema. "Hii ni njia."

"Njia ya nani, mama?" Aabo akauliza.

"Unajua ni njia ya nani."

Aabo akacheka, akaanza kuhesabu hatua za chumba cha mbele. Mimi nilidhani Ayeeyo anazungumzia mtu. Kwa muda mrefu, wakati kuta zikipanda jiwe kwa jiwe, nilikuwa nikikaa juu ya rundo la kokoto nikitazama chini kwenye lile bonde dogo kavu lililopita nyuma ya kiwanja, nikingoja kumwona mwenye njia akipita. Hakupita mtu. Walipita mbuzi, na wanawake waliobeba kuni, na jioni upepo.

Ujenzi ulichukua miaka miwili. Nyumba ilipopigwa plasta, Aabo alimleta fundi wa rangi aliyeitwa Musyoka, Mkamba kutoka upande wa Mwingi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kupiga mluzi kupitia pengo la jino. Suruali yake ilikuwa na matone ya kila nyumba aliyowahi kupaka. Ukimwonyesha tone moja angekuambia ni la nani: hili la daktari wa mifugo, hili la madrasa, hili la bibi mmoja aliyebadilisha mawazo mara tatu. Nilimpenda siku ileile. Alikuwa amekodi chumba cha udongo kule chini, mashamba yanakoanzia, lakini Aabo alimwambia alale katika nyumba yetu mpya mpaka kazi iishe, alinde vifaa. Akapandisha godoro lake jembamba na sufuria moja, akajipanga katika chumba cha mbele.

Fundi alikuja na kadi ya rangi, karatasi ngumu iliyokunjwa mara nne, yenye vipande vidogo vinavyong'aa kama peremende, na chini ya kila kipande jina la Kiingereza. Kwa siku mbili kadi ile ilipita kutoka mkono hadi mkono. Hooyo, aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, alitaka nyeupe ya maziwa. Alisema ndiyo rangi iliyotulisha. Ayeeyo alisema kama ni lazima ukuta uvishwe nguo, basi uvishwe rangi ya udongo, ili usionekane kutoka mbali. Lakini Aabo hakutaka nyumba isiyoonekana. Alikuwa amekaa miaka minne nyuma ya ukuta wa mtu mwingine.

Fundi akapaka viraka vitatu kwenye ukuta wa mbele, maziwa, udongo na buluu, kila kimoja kikubwa kama mlango, na kila aliyepita njiani alisimama akatoa maoni. Hatimaye, jioni moja, Aabo alinishika bega akanisimamisha mbele ya ukuta.

"Wewe ndiye msomi wa nyumba hii, Ubah," alisema. "Chagua. Nikitoka sokoni nataka niione nyumba yangu nikiwa bado kwenye barabara ya juu."

Sikufikiri. Niliweka kiganja changu kwenye buluu. Fundi akaitafuta kwenye kadi, akasoma lile jina la Kiingereza, akanitafsiria.

"Hii wanaiita maji ya kilindini," alisema. "Maji mengi, yaani. Yale hayana mwisho."

Ayeeyo hakujua Kiswahili. Akaniuliza fundi amesema nini. Nami, nikijivuna kwamba ninajua lugha mbili, nikamwambia kwa Kisomali: rangi inaitwa maji mengi.

Ayeeyo aliutazama ukuta, kisha akatazama kule bondeni nyuma ya nyumba. Hakupandisha sauti.

"Mmejenga kwenye njia ya maji," alisema, "na sasa mnayaita kwa jina."

"Mama, ni rangi tu," Aabo akasema.

Hapo ndipo nilipojua mwenye njia ni nani.

Kazi ilianza Jumatano kwa ile rangi nyeupe ya chini, ambayo mafundi hutangulia nayo. Siku hiyohiyo watu waliotoka mashambani walisema mto umebadilika. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mchana nilishuka na watoto wenzangu kwenda kutazama. Mto ulikuwa na rangi ya chai iliyochemka sana, na ulikuwa umenyamaza. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Siku nyingine ulikuwa ukibwabwaja kwenye mizizi ya miti ya kandoni. Siku ile ulipita kimya, ukibeba migomba mizima na kipande cha paa la makuti. Mvulana mmoja alichomeka kijiti penye ukingo wa maji, ili tuje kuona kesho.

Alhamisi fundi alipaka buluu ukuta wa mbele na kuta mbili za pembeni. Jioni tulishuka, kijiti hakikuonekana tena. Tukachomeka kingine, juu zaidi.

Ijumaa kazi ilisimama. Aabo alikwenda msikitini mapema, fundi akafua suruali yake yenye matone, akalala. Jioni niliposhuka nikakuta kijiti chetu kimesimama palepale tulipokiacha, na maji yakikilamba mguuni, hayajapanda hata kidole. Wenzangu walichoka wakarudi. Mimi nilibaki nikikitazama kijiti kile, nikizihesabu siku kwa vidole. Buluu ikipanda ukutani, maji yanapanda. Buluu ikisimama, maji yanasimama. Ilikuwa wazi kama hesabu ya ubaoni. Sasa najua kwamba huko juu walikuwa wamefunga na kufungua milango ya mabwawa kwa sababu zao, na kwamba hakuna aliyekuwa akiutazama ukuta wetu. Wakati ule nilirudi nyumbani nikitembea upande wa barabara ulio mbali na nyumba.

Jumamosi asubuhi fundi alianza ukuta wa nyuma, ule unaotazama bonde. Gari lenye kipaza sauti lilipita kwenye barabara ya juu, likisema kwa Kisomali na kwa Kiswahili kwamba wanaoishi karibu na mto wahamie shuleni. Lilirudia maneno yaleyale kwa sauti ya mtu aliyechoka. Familia mbili zilizokuwa chini yetu zilipita na vitanda vyao kichwani. Mwanamke mmoja alimwita Hooyo akamwuliza tunangoja nini. Hooyo akamtazama Aabo.

"Maji hayajapita hapa tangu tuje," Aabo alisema. Alikuwa ameshika brashi mwenyewe, akisaidia kwenye pembe za madirisha. "Hayo ni ya watu wa chini."

Hooyo hakubishana. Aliingia kibandani kwetu, na kila nilipopita mlangoni nilimwona akikunja nguo za wadogo zangu na kuzipanga katika gunia, kisha kuzitoa na kuzipanga upya. Ayeeyo aliketi nje, ameelekeza uso bondeni, tasbihi mkononi. Nyoka wawili walikuwa wameuawa uani kwetu tangu asubuhi. Walikuwa wakipanda kutoka mashambani, na hawakuwa wakikimbia watu tena.

Niliposhuka mtoni adhuhuri, sikuhitaji kufika ukingoni. Maji yalinikuta njiani, katikati ya migomba.

Nilirudi mbio. Aabo alikuwa ameondoka kwenda kuswali, na fundi amelala chumba cha mbele, kofia usoni. Nyuma ya nyumba ilikuwapo ndoo ya tatu ya rangi ya buluu, ya mwisho, imebaki kama nusu. Niliishika kishikio kwa mikono miwili nikaiburuta hatua kwa hatua mpaka kwenye shimo la choo lililokuwa limechimbwa lakini halijajengewa. Nikaiinamisha. Rangi ilishuka polepole, nzito, ikitoa ile harufu, na huko chini ikatulia ikawa jicho la buluu linalonitazama. Nikaisukuma ndoo yenyewe ndani. Kisha nikasukuma mchanga kwa miguu mpaka jicho lile likafumba. Nilihisi nimeokoa watu wote.

Aabo aliporudi, fundi alikuwa akiizunguka nyumba kutafuta ndoo. Robo ya ukuta wa nyuma ilikuwa bado nyeupe. Aabo alizungumza Kiswahili cha sokoni, kile alichojifunza kwa wanunuzi kutoka bara, na kila alipokasirika kilizidi kuwa kigumu, p ikageuka b.

"Fundi, ndoo ya tatu iko wabi?"

"Mzee, niliiacha hapa nilipoenda kupumzika. Hata mimi naitafuta."

"Rangi haina miguu. Iko wabi?"

"Nimepaka nyumba za watu wa mji huu miaka minane," fundi alisema. "Uliza popote."

"Mimi nauliza wewe."

Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya nyumba, nimetoa uso tu upande wa fundi. Fundi aligeuka akaniona. Hakukuwa na shaka yoyote usoni mwake, alikuwa akitafuta mtu wa kumsaidia tu.

"Ubah," alisema, "umeona mtu yeyote akiingia hapa?"

"Sijaona mtu," nikasema. Na ilikuwa kweli. Sikuwa nimeona mtu.

Aabo akamwambia achukue vitu vyake aende. Fundi aliosha brashi zake kwanza, zote, akazifunga kwa kitambaa. Alikunja godoro akaliweka kichwani, akashika sufuria, akateremka kwa njia ya mashambani. Hakuwa akipiga mluzi.

"Anakwenda wapi?" Ayeeyo akaniuliza.

"Kwake."

"Kwake ni wapi?"

"Kule chini."

Ayeeyo akamgeukia Aabo. "Mwite mtu huyo arudi," alisema.

Aabo alikuwa ameinama akikwangua tone la rangi kwenye kizingiti kwa ukucha wake. Aliendelea kukwangua. Ayeeyo akarudia, akimwita kwa jina lake kamili, jina lake na la baba yake, kama mama anavyomwita mwanawe wa kiume mara chache sana maishani. Aabo akasema, bila kuinua kichwa, kwamba kesho asubuhi atakwenda mjini kununua ndoo nyingine na kumaliza ukuta mwenyewe.

Alikwenda, baada tu ya swala ya alfajiri. Jua lilipochomoza nilikwenda nyuma ya nyumba kuona kama kazi yangu imefaulu. Bonde lilikuwa bado kavu, na mwanzoni nikafurahi. Kisha nikasikia sauti kama ya mtu anayekunywa. Ilitoka kwenye shimo la choo. Mchanga niliousukuma jana ulikuwa umelowa, unapanda na kushuka, na pembeni mwake yalikuwa yanachuruzika maji, si ya kahawia kama ya mtoni, bali yenye utando wa buluu juu yake. Yalikuwa yanatoka chini ya ardhi, kwenye kiwanja chetu, mahali palepale nilipoyamwagia rangi.

Nilikaa chini. Nilielewa kwamba sikuwa nimeizuia ile rangi, nilikuwa nimemkabidhi mwenye njia, mkononi.

Hooyo ndiye aliyenikuta na kuninyanyua. Wakati huo Aabo alikuwa akija mbio kutoka barabara ya juu, na nyuma yake punda na mkokoteni. Hakuwa na ndoo. Mjini, kwenye duka la rangi ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa, alikuwa amekuta watu waliolowa hadi kifuani, wametoka chini usiku, wengine wakiulizia watoto wao. Hakutuambia hayo wakati ule. Alimbeba Ayeeyo akamweka mkokotenini kama mtoto, akaturusha sisi juu ya magunia. Tulipofika juu nikageuka. Lile bonde lililokuwa kavu lilikuwa limejaa, kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yalikuwa yakiingia kwenye nyumba yetu kwa mlango wa nyuma na kutokea kwa mlango wa mbele, kimya, bila haraka, kama mtu anayepita kwake.

Tulikaa shuleni wiki tatu, familia tisa katika darasa moja. Siku ya nne niliwasikia wanaume wakizungumza nje ya dirisha. Walisema wa chini wote wamejulikana walipo isipokuwa yule fundi Mkamba wa rangi. Siku ya sita walisema amepatikana, mbali kwenye mashamba, kwenye ua wa miiba, na kwamba ndugu zake wamekuja kumchukua. Aabo alikuwa miongoni mwa wanaume hao. Nilisikia kila mtu akisema "maskini" isipokuwa yeye. Aliingia darasani, akalala akiwa ameelekea ukutani, na hakuamka mpaka Ayeeyo alipomgusa mguu kumkumbusha swala.

Hatukurudi kwenye nyumba ile. Aabo aliiacha isimame, akaanza upya kwenye kiwanja kingine, juu kabisa, na ukuta wa pale haujapakwa chochote mpaka leo. Nilikua. Nilisoma jiografia, nikajifunza mabwawa, nikajifunza kwa nini shimo hujaa kabla ya mto kufika. Ile hofu ya utotoni iliniachia polepole, kama homa. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo somo lolote halikuliondoa. Mto ulikuja kwa sababu zake. Fundi Musyoka aliteremka kule chini kwa sababu yangu.

Sasa nirudi kwenye lile lango. Mafundi wa ofisini walipotoka kula, mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, aliketi karibu yangu akafungua chapati yake. Kwa lafudhi yake nikajua ametoka wapi. Nilisikia sauti yangu ikimwuliza kama aliwahi kumjua fundi mmoja wa zamani, Musyoka, wa upande wa Mwingi.

"Yule aliyekufa maji?" alisema. "Tulikuwa tukifanya kazi pamoja. Mtu mzuri. Lakini unajua walimfukuza. Wanasema aliiba rangi ya watu. Kwao walihuzunika sana, si kwa kufa tu."

Jioni hiyo nilikwenda kwa Aabo. Sasa ni mzee. Sukari imemdhoofisha macho na miguu, na mchana kutwa hukaa kwenye mkeka mlangoni. Hooyo alikuwa jikoni. Nilikaa karibu na Aabo, nikamwambia yote, kijiti, Ijumaa, ndoo, shimo. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kichwani zaidi ya miaka ishirini, na yakaisha kwa muda mfupi sana.

"Najua," Aabo akasema.

Sikumwelewa.

"Nilijua siku ileile. Miguu yako ilikuwa ya buluu mpaka kwenye vifundo. Ulikuwa umesimama pale kwenye kona, na mimi nakuona mpaka chini, na fundi anakuuliza."

"Kwa nini hukusema?"

Alipapasa mkeka, akitafuta bakora yake, akaipata, akaishika tu.

"Ningesema ni wewe, ningelazimika kukuuliza kwa nini," alisema. "Ungenijibu kwamba maji yanakuja. Mbele ya mama yangu, mbele ya mke wangu. Mtoto wa miaka tisa. Nilikuwa nimewanyamazisha wote, ulibaki wewe tu." Aliigeuza bakora mkononi. "Ilikuwa rahisi zaidi awe mwizi."

Kwa miaka yote ile nilidhani ninaibeba siri hiyo peke yangu, na yeye alikuwa upande wa pili wa chumba kilekile, akiibeba peke yake. Sikujua nimkasirikie au nimshike mkono. Nilifanya yote mawili kwa zamu, siku kadhaa. Kisha nikarudi kwa yule fundi mwenye mvi, nikamwomba anielekeze kwa kina Musyoka.

Tulikwenda, mimi na Aabo, Alhamisi iliyopita. Binamu yangu aliendesha, tukavuka daraja, tukapita Mwingi, tukaacha lami. Njiani Aabo aliomba tusimame aswali. Tulilikuta boma lenyewe saa nane, nyumba mbili za matofali, kuku, mama mmoja wa makamo akipepeta mbaazi kwenye ungo. Nilimwambia tumetoka Garissa, na kwamba tuna neno kuhusu marehemu mume wake. Alituletea viti na maji kabla ya kutuuliza lolote. Kisha akaketi, akayakunja mapindo ya leso yake juu ya magoti.

"Huyu ndiye mzee wa ile nyumba?" alisema.

"Ndiye mimi," Aabo akasema.

"Niliambiwa alikuibia rangi."

Aabo alifungua kinywa. Kiswahili chake kilikuwa kimemtoroka. Nilitaka kumsaidia, akaniwekea mkono.

"Mama," alisema, "hakuiba. Mimi nilijua hakuiba. Nilimfukuza nikijua, na maji ilikuwa inakuja."

Yule mama hakulia. Alitazama mbaazi zake, akatoa kijiwe kimoja kwenye ungo, akakitupa. Akasema mama mkwe wake alikufa akiamini mwanawe alikuwa mwizi. Akasema kanisani watu walichanga kwa ajili ya mazishi, lakini baadaye, kila kilipopotea kitu hapo kijijini, jembe, kuku, kulikuwa na mtu wa kuwatupia jicho watoto wake kama wezi. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetuelekeza njia.

Halafu akainuka, akaita kwa Kikamba kuelekea nyumba ya pili. Akatoka mwanamke wa umri kama wangu, amebeba mtoto mgongoni, mikono ina unga. Mama yake akamwambia maneno machache, akamsogezea kiti, lakini yule binti hakuketi. Alisimama mbele yetu akitutazama, mimi, kisha Aabo, kisha mimi tena.

"Huyu ni Mwende, kifungua mimba wake," mama alisema. "Semeni tena. Kutoka mwanzo, asikie na yeye."

Aabo aliegemea bakora kutaka kusimama. Nikamshika bega akae. Nikasimama mimi, na safari hii mimi ndiye niliyeanza.